Nilivyouawa Fort Irwin na ujumbe wa mama

Kabla sijaona kifaru hata kimoja, niliona punda. Walikuwa watatu, wamesimama kando ya barabara itokayo Barstow kwenda Fort Irwin, kambi ya jeshi la Marekani katika jangwa la Mojave huko California, wanatutazama kama watu wanaotudai. Mimi ni mtoto wa Lamu. Kwetu punda ana kazi, ana mwenyewe, ana hata zahanati yake. Nikamuuliza sajenti wangu, mtu wa Alabama, punda hawa ni wa nani. Si wa mtu, akasema. Mababu zao waliletwa na wachimba madini. Machimbo yakafa, watu wakaondoka, punda wakaachwa. Nilikaa na jibu lile njia nzima. Punda asiye na mwenyewe sikuwahi kumfikiria.

Ilikuwa Juni 2016. Nilikuwa na miaka miwili jeshini na minne Marekani, nilikoingia kwa bahati nasibu ya viza, ile ambayo kila mtu nyumbani amewahi kumjazia binamu yake fomu. Kazi niliyopewa jeshini ni udereva wa lori la mafuta. Mjomba aliposikia aliuliza kama nilivuka bahari zote zile nikawe utingo. Lori lenyewe lilikuwa na magurudumu manane na tangi la galoni 2,500, yaani kama lita 9,500. Mafuta ya jeshi ni jamii ya mafuta ya taa. Siku ya kwanza nilipofungua mfuniko nilinusa jiko la mama.

Watu nyumbani wakisikia kambi ya jangwani hufikiri ngome, askari juu ya ukuta na adui upande wa pili. Fort Irwin haina adui wa kweli wala mpaka wa kulinda. Imezungukwa na milima mikavu, mabonde ya changarawe na maziwa yasiyo na maji. Moja linaitwa Bicycle Lake, na sikuona maji wala baiskeli. Ukizichukua Unguja na Pemba ukaziweka mle, zinaenea. Mji mdogo wa askari uko upande mmoja tu, na kwingine kote ni uwanja wa mazoezi ambao sisi tuliuita Boksi. Vikosi huletwa kutoka pembe zote za Marekani, askari maelfu kwa mkupuo, na vifaru vyao hushushwa kutoka garimoshi huko Yermo. Kisha huingizwa ndani ya Boksi kwa wiki mbili hivi kupigana na jeshi linaloishi palepale. Na kwa kawaida hupigwa.

Nilikuja kujua baadaye kwamba askari walifika sehemu zile kwa ajili ya maji. Njia ya wasafiri wa kwenda Los Angeles ilipita pale ikiruka kutoka kisima hadi kisima, na mwaka 1860 Meja James Carleton aliletwa na askari wa farasi kutoka Fort Tejon kuwapiga Wapaiute, wenyeji wa asili waliokuwa wakilaumiwa kwa mauaji ya wasafiri. Waliweka kambi kando ya mto Mojave, ikaitwa Camp Cady, na mapigano mojawapo yalikuwa kwenye chemchemi ya Bitter Spring, ambayo leo iko ndani ya mipaka ya Fort Irwin. Wapaiute hawakuomba kulindiwa visima vyao na mtu. Sisi wa Lamu, tunaokunywa maji yaliyo chini ya mchanga wa Shela, tunaelewa upesi kwa nini watu huuana kwa ajili ya kisima.

Kambi ya sasa ilianza mwaka 1940, Rais Roosevelt alipotenga eneo la kufanyia mazoezi ya mizinga ya kutungua ndege. Mwaka 1942 ikapewa jina la Meja Jenerali George LeRoy Irwin, mtu wa mizinga wa vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1944 ikafungwa. Vita vya Korea vikaifungua tena mwaka 1951, mwaka 1961 ikatangazwa kuwa ya kudumu, mwaka 1971 ikalazwa tena na baadaye kuachiwa askari wa akiba wa jimbo. Imefungwa na kufunguliwa kama mgahawa wa Ramadhani.

Kilichoibadilisha moja kwa moja ni vita vya mbali. Oktoba 1973, Misri na Syria zilipopigana na Israel, vifaru viliteketea kwa mamia ndani ya siku chache. Majenerali wa Marekani, hasa William DePuy na Paul Gorman aliyekuwa chini yake, waliyatazama mabaki yale wakaona kwamba vita vijavyo havitampa mtu nafasi ya kujifunza taratibu. Marubani walikuwa wamekwisha kugundua jambo hilo Vietnam: anayesalimika safari zake chache za mwanzo huenda akasalimika hadi mwisho. Basi kwa nini hizo safari za mwanzo zisifanywe mahali ambapo maiti huamka akanywa chai? Walihitaji nchi pana, isiyo na majirani, yenye anga isiyojaa mawimbi ya redio ya watu wengine. Fort Irwin ilichaguliwa mwaka 1979, na Oktoba 1980 kikaanzishwa pale kituo cha taifa cha mazoezi.

Hata adui walimtengeneza. Askari wa Kimarekani walivishwa sare za kigeni, wakafundishwa kupigana Kisovieti, vifaru vyao vyepesi vikabandikwa maumbo ya bandia vifanane na vya Urusi. Nchi yao ya kubuni iliitwa Krasnovia. Siku zetu inaitwa Donovia. Tangu 1994 kazi hiyo ni ya regimenti ya 11 ya vifaru, Blackhorse. Hawa ndio wenyeji. Sisi tunakuja kwa wiki chache na ramani, wao wamelijua kila korongo kama mtu anavyovijua vichochoro vya mtaa wake. Waliorudi kutoka vita vya Ghuba vya 1991 walikuwa wakisema Wairaki hawakuwasumbua kama walivyosumbuliwa Fort Irwin, na baada ya kupigwa mara mbili tatu niliacha kufikiri kwamba wanajisifu.

Risasi si za kweli. Kila askari huvaa vitambuzi, kila bunduki ina leza, na ukipigwa kifaa kifuani kinalia. Halafu waamuzi, askari wazoefu wanaofuatana na kila kikosi bila kukisaidia, wanakuja kukuambia umekufa au umejeruhiwa vipi.

Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Joto la mchana lilipita nyuzi 40, chuma cha lori hakikushikika bila glavu, na kila saa sajenti alipita akitukagua chupa za maji kama mwalimu anayekagua kucha. Kabla ya safari nilimuuliza imamu wa msikiti niliokuwa nikisali. Akaniambia: wewe ni msafiri, na ukizimia kwenye usukani utaua na wenzako, kula, utalipa. Dini ilinipa ruhusa. Mama sikumwambia. Kila aliponipigia kabla hatujaingia Boksi aliniuliza saumu inaendaje, nami nikasema alhamdulillah, neno ambalo kwetu hufunika mengi.

Walionifunza maji kuliko sajenti ni kobe. Jangwa lile lina kobe wanaolindwa na sheria, na jeshi lilipopanua uwanja wake lilihamisha mamia yao mwaka 2008. Wengi wakaishia kuliwa na koyote, mbwa mwitu wa kule, kwani ulikuwa wakati wa ukame. Dereva haruhusiwi kuondoa gari bila kuinama na kuchungulia chini ya magurudumu, maana kobe hupenda kivuli cha lori. Na ukimkuta humwinui. Maji yake ya miezi mingi ameyatunza kibofuni, na akishtuka atayamwaga yote, kisha afe kwa kiu siku ambayo wewe ulishamsahau. Siku moja tulimngoja kobe mmoja dakika 40, lori zima la mafuta, vifaru vinatuita redioni. Askari mmoja alitaka kumsukuma kwa buti. Sajenti alimtazama tu.

Ndani ya Boksi kuna na miji ya kuigiza. Ilizidi kujengwa baada ya 2003, wakati jeshi lilipotambua kwamba Iraq haikuwa vita vya vifaru uwandani bali vya milango, soko na wazee wa mtaa. Mkubwa unaitwa Razish, una msikiti wa kuigiza na maduka, na watu wa kulipwa wanaoigiza wakazi. Tulipopeleka mafuta karibu na pale nilimkuta mzee ameketi kivulini, mzaliwa wa Iraq kweli, anaigiza mkubwa fulani wa mji. Nikamwamkia kwa salamu ya Kiislamu. Akaitika, akanitazama jina kifuani, akauliza natoka wapi. Nikamwambia pwani ya Afrika Mashariki. Akacheka, akasema kwa Kiingereza chake kizito kwamba kwa mujibu wa mkataba wake leo hatakiwi kunipenda hadi saa kumi jioni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefunga. Nikasema hapana. Akasema na yeye hapana, joto hili. Tukacheka wote wawili, watu wazima tuliokamatwa na mkate.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tisa tangu tuingie. Tulikuwa malori manne nyuma ya kilima, chini ya nyavu, tukingoja kusindikizwa kwenda kwenye kompania ya vifaru 14 iliyotakiwa kushambulia alfajiri. Kifaru kimoja cha Abrams kinabeba karibu lita 1,900 na kinakunywa hata kikiwa kimesimama. Kwa hiyo sisi watu wa nyuma, tunaoitwa watu wa nyuma kwa dharau kidogo, ndio tulikuwa tumebeba alfajiri ya wengine.

Mwezi ulikuwa wa mwisho mwisho, haujachomoza. Giza la jangwa ni giza la baharini bila karabai. Simu ilikuwa mfukoni, na simu zilikuwa zimekatazwa. Nilikuwa nayo kwa sababu kila mtu alikuwa nayo, sababu ya kijinga kuliko zote. Saa nane na robo ikatetemeka. Kwenye kilima kile mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Nikajifunika koti kichwani kama mtoto anayesoma chini ya shuka. Mama alikuwa ameandika: "Amka ule daku mwanangu."

Lamu ilikuwa saa sita na robo mchana. Yaani alikuwa amekaa kwenye baraza, naye amefunga, akahesabu saa kumi kwa vidole ili aniamshe mimi jangwani nile kabla ya alfajiri. Nikaanza kuandika kwamba nimeshaamka, nakula. Uongo wenyewe haukutoka. Mtandao ukakatika, kile kiduara kikawa kinazunguka tu. Nikalifungua koti nikainua simu juu kutafuta mtandao. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliinua taa gizani.

Haikupita nusu saa. Gari la mwamuzi lilikuja limezima taa, akarusha fataki chini kuonyesha mahali makombora ya mizinga yalipoangukia, na vifua vyetu vikaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Nikapewa kadi: paja la kushoto, damu nyingi. Nikalala mchangani kama nilivyoamriwa. Muuguzi alikuwa na majeruhi wengine, na gari la kutubeba lilipotea njia. Kulipopambazuka mwamuzi alitazama saa yake, akaniambia kwa upole kwamba nimefariki.

Kufufuka Fort Irwin si bure, kuna fomu. Aliyekufa hupelekwa nyuma, na kikosi chake lazima kiandike, kiombe, kifuatilie, kama kingeomba askari mpya kweli. Wetu walisahau karatasi. Nilikaa kwenye hema la wafu tangu asubuhi hadi jioni, na wafu wengine wawili wakicheza karata. Huko ndiko niliposikia kwamba vifaru vile 14 vilikuwa vimesimama katikati ya bonde bila mafuta, Blackhorse wakavimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Lita 38,000 zilikuwa zimeteketea nyuma ya kilima. Hakuna aliyekuwa amejua bado kwa nini.

Jioni ile tuliitwa kwenye mapitio. Hapa ndipo nilipo na la kusema, na nimekuwa nikilizungusha kwa miaka.

Sisi wa pwani tumelelewa na sitara. Kosa la mtu hufunikwa kama chakula. Mkubwa hakosolewi mbele ya wadogo, na mdogo akikosa huitwa pembeni, chumbani, kwa sauti ya chini. Naiona bado kuwa adabu nzuri. Sasa pale tulikaa mchangani nusu duara, mwamuzi akachora kilima na malori kwa kijiti, akauliza maswali ambayo huulizwa kila mara: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara nyingine tufanyeje. Hakuuliza nani. Halafu akanyamaza. Sijawahi kuona mtu anayejua kunyamaza vile.

Luteni wetu, kijana wa miaka 23, akasema kwanza. Akasema alichagua kilima kwa sababu kilikuwa karibu na njia, hakupanda juu kutazama kinaonekanaje kutoka upande wa pili, na hakuweka walinzi wa kutosha kwa kuwa aliona watu wamechoka. Alisema mbele yetu sisi madereva. Nikaona haya kwa niaba yake, nikatazama chini. Sajenti akafuata: yeye alikataza simu kwa mdomo lakini hakuzikusanya. Kisha mmoja wa wale wa Blackhorse aliyeletwa kutueleza walivyotuona, kijana mpole tu, akasema walikuwa wawili, wamelala kwenye mteremko wa ng'ambo kama kilomita mbili. Hawakuyaona malori. Waliona uso wa mtu. Kwenye miwani ya usiku, akasema, ulikuwa unang'aa kama taa ya nyumba.

Hapakuwa na aliyejua uso wa nani. Ningeweza kunyamaza, sitara yote ya Lamu ilikuwa upande wangu. Mkono wangu ulipanda polepole sana. Nikasema ni mimi, mama yangu alikuwa akiniamsha nile daku. Ikabidi nieleze daku ni nini. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza kwamba na kufunga kwenyewe sikufunga. Mwamuzi akaandika kitu, akauliza: "Mara nyingine tufanyeje?" Basi. Hakukuwa na tusi. Sajenti alikuja na kopo tupu la risasi, tukatumbukiza simu humo, na nikazilinda mimi mpaka siku ya mwisho. Ndiyo, nilipiga na pushapu. Tusiliremba jeshi kupita kiasi.

Kabla ya kuondoka vikosi vingine huchora nembo zao kwenye mawe makubwa karibu na lango, rangi juu ya rangi. Sisi hatukuchora. Nadhani hakuna aliyetaka kukumbuka.

Nilirudi mwaka 2022, safari hii kwa kuhamishiwa, nikiwa sajenti mwenye mke na mtoto. Kuishi pale ni jambo jingine: shule, duka, nyumba zinazofanana, upepo unaoingiza vumbi hadi kwenye unga wa chapati. Mke wangu hakupapenda na simlaumu. Kazi ya kambi nayo ilikuwa imegeuka tena. Vijiji bado vipo, lakini kutwa watu walikuwa wakizungumza Ukraine: droni ndogo juu ya kila kichwa, makao ya makamanda yaliyokuwa mahema makubwa sasa yanabanwa ndani ya magari machache na kuhamahama, redio zinazibwa, na simu za askari zinawindwa kwa mawimbi yake. Hahitajiki tena skauti wa kuona uso wako.

Niliwahi kuonyeshwa skrini yenye ramani ya Boksi usiku. Kikosi kimoja kilichokuja mazoezini kilikuwa kimejificha vizuri sana, nyavu, giza, kila kitu. Kwenye skrini kiling'aa kama Mombasa ukiitazama kutoka baharini. Na ndani ya mipaka ya kambi hiyohiyo kuna Goldstone, mitambo ya NASA iliyoanza mwaka 1958, yenye sahani ya kipenyo cha mita 70. Husikiliza vyombo vya angani, kikiwamo Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977, kilichokuwa wakati ule umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 23, kinachotuma mawimbi ya redio kwa nguvu ya wati 23 hivi, sawa na taa ya ndani ya friji. Jangwa lile lile walilolichagua kwa ukimya wake. Nikawa nawaambia madereva wangu habari ya friji hiyo kila walipoingia, wakanichoka.

Nukta moja kwenye skrini ile ilikuwa peke yake, nyuma ya kilima, mahali ambapo malori ya mafuta hupenda kujificha. Nilijua ni kijana gani bila kumjua. Sikuruhusiwa kumwambia.

Mwaka uliofuata nilikwenda Lamu likizo, na usiku mmoja barazani nikamsimulia mama yote: lori, kilima, kadi ya paja, hema la wafu, na kwamba Ramadhani ile sikufunga hata siku moja nilipokuwa jangwani na nilimdanganya. Nilimpangilia kama mwamuzi, kilichokusudiwa na kilichotokea. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Kutofunga nilijua," akasema. "Sauti ya mtu aliyefunga naijua. Lakini ule ujumbe hukunijibu mpaka leo."